Jozi ya Viatu Ina Bei Gani?

(Somo: Amosi 2:6 na 8:6, Ezekieli 34:18-19)



Nabii Amosi hakuwa mtu wa mjini. Alikuwa mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, na labda ndiyo sababu alipofika Betheli macho yake yaliona mambo ambayo wenyeji walikuwa wamekwisha kuyazoea. Mara mbili katika kitabu chake kifupi anawashtaki watu wa Israeli kwa kosa lile lile: wamemfanya maskini kuwa bidhaa, na bei waliyomkatia ni viatu. Si shamba wala kundi la ng'ombe. Ni jozi moja tu ya viatu. Wafafanuzi wengine husema kwamba nabii aliwalenga wadai waliomtia mtu utumwani kwa deni dogo lisilozidi bei ya viatu. Yawezekana. Lakini waliomsikia siku ile hawakuhitaji mfafanuzi. Walitazama miguu yao.

Tumeleta neno hili kwenu mwezi huu kwa sababu ya jambo lililozuka katika parishi yetu. Vijana wanajiandaa kwa mbio za hisani, kuchangia paa la chumba cha Shule ya Jumapili, nao wameomba Baraza la Parishi liwasaidie kupata jezi, bukta na raba. Ombi ni jema na hakuna aliyelipinga. Ubishi ulianza yalipotajwa majina ya makampuni. Mzee mmoja wa kanisa alisema zinunuliwe zile za bei ndogo kuliko zote. Kijana mmoja akasema kampuni fulani inajulikana kwa kuwatesa wafanyakazi, basi tusiiguse. Ndipo mama mmoja akauliza, "Na ile nyingine, mnajuaje kwamba haiwatesi?" Kikao kizima kilinyamaza. Tuliahidi kwamba gazeti letu litajaribu kulijibu swali la yule mama.

Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la Ulaya lililopotea njia likatufikia sisi. Watu wa huku chini ya Meru ni watu wa mbio. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akiwa ameshika mbele tangu mwanzo mpaka kwenye utepe. Miaka 51 baadaye, tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida ambaye Arusha ndiyo imekuwa uwanja wake wa mazoezi, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ukisimama alfajiri kando ya barabara ya Ngaramtoni au ya Usa River utawaona vijana wakipita kimya kimya, umande ungali chini, na karibu kila mmoja amebeba mguuni alama ya kampuni. Watoto wetu wazijua alama hizo kabla hawajajua kuandika majina yao. Laiti Katekisimu ingefundishwa kwa bidii wanayotumia wale wanaotangaza raba!

Basi na tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Makampuni haya makubwa, kwa sehemu kubwa, hayashoni kitu. Nike ilianza mwaka 1964 kwa jina jingine, na kazi yake ilikuwa kuagiza viatu vya Japani na kuviuza Marekani. Adidas na Puma zilizaliwa katika mji mdogo wa Ujerumani uitwao Herzogenaurach, baada ya ndugu wawili wa tumbo moja, Adolf na Rudolf Dassler, kugombana na kugawana kiwanda chao. Rudolf akaanzisha Puma mwaka 1948, Adolf akaandikisha Adidas mwaka 1949. (Kaini na Habili walifanya vibaya zaidi, lakini hawa nao waliugawa mji mzima.) Leo makampuni haya huchora kiatu, hukitangaza na kukiuza. Kukata, kushona na kugandisha soli hufanywa na viwanda vya watu wengine, hasa huko Vietnam, Indonesia na China. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Kampuni hii inawatendeaje wafanyakazi wake?" kampuni yaweza kujibu bila kusema uongo kwamba inawatendea vizuri sana. Wale wanaoshona si wafanyakazi wake. Hapo ndipo ugumu wote ulipolala.

Dunia ilianza kufumbuka macho katika miaka ya 1990. Mwaka 1996 gazeti moja la Marekani lilichapisha picha ya mtoto wa Pakistan akishona mpira wa miguu wenye alama ya Nike. Mji wa Sialkot, ulioko nchini humo, ndio uliokuwa ukitoa sehemu kubwa ya mipira iliyoshonwa kwa mkono duniani, na mingi ilishonwa majumbani, na watoto wakiwemo. Februari 1997 wenye viwanda wa Sialkot, pamoja na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF, walitia sahihi mapatano mjini Atlanta ya kuwaondoa watoto katika kazi hiyo. Mwaka huo huo ikavuja taarifa ya wakaguzi walioajiriwa na Nike yenyewe, kuhusu kiwanda kimoja cha viatu huko Vietnam. Ilionyesha kwamba katika sehemu fulani za kiwanda mvuke wa gundi ulizidi kipimo cha sheria ya nchi mara 177, na kwamba wafanyakazi wengi, zaidi wao wasichana, walikuwa na maradhi ya kifua. Mwaka 1998 mkuu wa Nike, Phil Knight, alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington akakiri hadharani kwamba jina la kampuni yake limekuwa sawa na mishahara ya kitumwa na saa za ziada za kulazimishwa. Akaahidi kupandisha umri wa kuajiriwa na kubadili gundi. Mwaka 2005 kampuni hiyo ikatangaza majina na mahali pa viwanda vinavyoishonea, jambo ambalo makampuni mengi kabla ya hapo yaliliita siri ya biashara.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yana funzo ambalo yule kijana wetu wa kikaoni alilikosa. Kampuni iliyosemwa vibaya kuliko zote ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufungua daftari lake. Zile ambazo hakuna aliyezisema, nyingi zilikaa kimya na madaftari yao yamefungwa. Ukipima kwa uvumi tu, utamwadhibu aliyekwisha kuulizwa na kumwacha yule ambaye hajaulizwa bado.

Tena hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyokuja yenyewe. Angalieni habari ya kiwanda cha PT Kizone, kule Tangerang, Indonesia. Kilishona nguo za michezo za Adidas, za Nike na za wengine. Januari 2011 mwenye kiwanda alitoroka nchi, na wafanyakazi wapatao 2,800 wakabaki bila malipo yao ya kuachishwa kazi yaliyoamriwa na sheria. Baadhi ya wanunuzi, Nike ikiwemo, walitoa sehemu ya deni. Adidas ilisema kwamba agizo lake la mwisho lilikuwa limekwisha kumalizika kabla kiwanda hakijafungwa, hivyo haina deni na mtu. Mbele ya hakimu pengine hoja hiyo ingesimama. Lakini wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo huvaa na kuuza jezi zenye majina ya vyuo, waliwauliza wakuu wao swali ambalo Yakobo analiuliza katika waraka wake, sura ya 5 mstari wa 4: ujira uliozuiwa unapiga kelele, nani anausikia? Chuo Kikuu cha Cornell kilivunja mkataba wake na Adidas mwaka 2012, na vyuo vingine vikafuata. Aprili 2013 Adidas ikapatana na wafanyakazi wale. Miaka miwili na zaidi ilikuwa imepita. Torati yataka kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, kwa maana roho yake inautazamia ujira huo (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Jua lilitua Tangerang mara nyingi.

Sasa, kwa nini mambo haya hurudi tena na tena, hata katika viwanda vyenye kanuni nzuri zilizobandikwa ukutani? Sababu kubwa tunayoiona ni bei na haraka. Mnunuzi mkubwa humwendea mwenye kiwanda na kumwambia: nataka jezi elfu mia, kwa bei iliyo chini ya mwaka jana, na ziwe melini baada ya wiki chache. Akikataa, yuko mwingine ng'ambo ya mpaka atakayekubali. Mwenye kiwanda hawezi kumbana muuza vitambaa wala wenye meli, basi humbana yule asiye na pa kukimbilia, na saa za ziada zisizolipwa zikaanzia hapo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walieleza kwamba mshahara wa kuanzia katika viwanda vya nguo vya Ethiopia, vilivyokuwa vikishonea makampuni mashuhuri ya dunia, ulikuwa dola 26 tu kwa mwezi. Wasichana walitoka vijijini wakiwa na matumaini makubwa, wakakuta kwamba mshahara hautoshi chumba na chakula, na wengi wakaondoka. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa serikali haikuwa imeweka kima cha chini kwa sekta binafsi. Mkristo hawezi kuishia kwenye swali la sheria peke yake.

Nasi kwetu tuna viwanda. Wazee wanaikumbuka Kiltex, na ving'ora vyake, na jinsi mji ulivyotulia vibaya ulipofika wakati wa kufungwa. Sunflag ipo tangu miaka ya 1960. A to Z ilianza na nguo, kisha tangu mwaka 2003 ikajulikana dunia nzima kwa vyandarua vyenye dawa. Kule Morogoro kiwanda cha Mazava kimeshona nguo za michezo za kupelekwa Marekani, chini ya ile sheria ya mwaka 2000 iitwayo AGOA, iliyozipa nchi za Afrika nafuu ya ushuru. Kwa hiyo msichana anayeshona jezi kwa ajili ya wanamichezo wa mbali aweza kuwa binti wa jirani yako. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Saa za ziada zisipite 50 katika majuma manne, nazo zilipwe mara moja na nusu. Mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama, na kwa viwanda chama hicho huwa ni TUICO. Haya si mambo ya wanasheria tu. Mzazi ambaye binti yake ameajiriwa kiwandani ayajue kama anavyozijua Amri Kumi.

Tuje kwenye maji. Ezekieli, katika sura ya 34, anasema juu ya kondoo walionona ambao hunywa maji safi kisha hukoroga mengine kwa miguu yao, na wanyonge wa zizi hulazimika kuyanywa hayo yaliyokorogwa. Sisi tunaoishi katika mteremko wa mlima twalielewa fumbo hili bila kufundishwa. Themi hutoka Meru ikiwa safi kama kioo. Ikishapita mjini, ikakutana na Naura na mifereji ya karakana, mashimo ya taka, sabuni za waosha magari na maji yatokayo viwandani, huwa mto mwingine. Lakini haiishi hapo. Bustani za mboga zinaingoja kule chini, kisha huingia Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani mpaka baharini. Mchicha tunaoununua sokoni umekunywa maji hayo hayo.

Nguo za michezo ni nguo za rangi kali, na rangi hufuliwa kwa maji mengi. Mwaka 2011 shirika la Greenpeace lilitangaza kwamba viwanda viwili vya China, ambavyo makampuni mashuhuri ya nguo za michezo yalikuwa na shughuli navyo, vilimwaga mitoni kemikali zinazoharibu viumbe vya majini. Kelele zilipozidi, Puma, Nike na Adidas zikaahidi katika miezi ile ile kwamba ifikapo mwaka 2020 zingekomesha kemikali za hatari katika utengenezaji wa bidhaa zao. Kazi fulani imefanyika, ila ahadi ya kampuni ni ahadi, na mto ndio shahidi. Jambo jingine: mwaka 2013 wataalamu wa chuo cha MIT cha Marekani walipima raba moja ya kukimbilia, hatua kwa hatua. Walikuta jozi moja ina vipande 65, hutengenezwa kwa hatua zaidi ya 360, na hutoa hewa ya ukaa ipatayo kilo 14. Sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka kiwandani, kwa sababu mashine nyingi za kushona na kuyeyusha plastiki huendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe. Kwa hiyo raba haichafui sana inapokimbia, huchafua inapozaliwa. Raba inayovaliwa miaka mitatu badala ya mmoja imefanya jambo ambalo tangazo lolote la kijani halijafanya.

Wako watakaosema, "Haya ni siasa, Kanisa lihubiri wokovu." Ndugu hao tunawaheshimu, lakini tunawaomba wakumbuke wametoka wapi. Kanisa Kuu letu la Zanzibar limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi. Kabla ya hapo, mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa kupiga marufuku biashara ya watumwa, maelfu ya jamaa za Kikristo nchini humo waliacha kutia katika chai yao sukari iliyolimwa na watumwa. Walikuwa watu wa kawaida, akina mama wa nyumbani, ambao wengi wao hawakuwa hata na kura. Na mwaka 1920 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliandika kijitabu kupinga kazi ya lazima waliyotwishwa Waafrika wa Kenya, akiwaita watwana wa Uingereza katika kichwa chenyewe cha kijitabu. Viongozi wengine wa makanisa ya Afrika Mashariki walikuwa tayari kuikubali kazi hiyo mradi iwe na masharti. Weston aliukataa msingi wake. Tena Baraza la Ushauri la Anglikana, tangu mwaka 1984, limetaja kati ya alama za utume wa Kanisa kuigeuza mifumo ya jamii isiyo ya haki, na mwaka 1990 likaongeza kuutunza uumbaji. Hatuzushi mafundisho mapya hapa.

Sasa twarudi kwa swali la yule mama: tutajuaje? Jibu tunaloliona bora halitoki Marekani. Liko hapa hapa mlimani.

Mnawajua wapagazi wa Kilimanjaro na Meru, na baadhi yao ni washarika wetu. Kwa miaka mingi walipanda na mizigo mizito, wengine na viatu vilivyotoboka, wakalala kwa baridi na kulipwa kidogo na kwa kuchelewa. Makampuni ya utalii yote yalisema yanawatunza. Hata leo hakuna hata moja litakalokuambia halijali. Tangu mwaka 2003 uko mradi wa kuwasaidia wapagazi hao, wenye ofisi Moshi, ambao huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo na huyapima makampuni. Na jinsi unavyoyapima ndiyo tunayotaka mwiangalie. Hauishii kwenye maelezo ya mwenye kampuni. Humwuliza mpagazi mwenyewe akishashuka: ulibeba kilo ngapi, je, zilizidi 20? Ulikula mara ngapi? Ulilala wapi? Ulipokea shilingi ngapi mkononi, na lini? Kampuni inayokubali kuulizwa hivyo, safari baada ya safari, ndiyo inayoorodheshwa kuwa njema.

Linganisheni na yaliyotokea Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, liliporomoka na kuua watu wasiopungua 1,134. Walikuwa washona nguo za kawaida, si za michezo, lakini utaratibu wa biashara ni ule ule. Baadhi ya viwanda vya ndani ya jengo lile vilikuwa vimekwisha kupitiwa na wakaguzi wa kulipwa, na karatasi zao zilikuwepo. Wafanyakazi waliziona nyufa ukutani siku moja kabla. Walisita kuingia, wakaambiwa warudi kazini. Karatasi ya mkaguzi haikuziona nyufa, na waliokuwa wameziona hawakuulizwa na mtu.

Basi tukitaka kuipima kampuni ya nguo za michezo, tuanzie hapo. Je, imetaja viwanda vyake kwa majina, hata mtu aweze kwenda kuuliza? Je, wafanyakazi wana chama chao wenyewe, au wana kamati iliyochaguliwa na meneja? Mshahara unatajwa kwa tarakimu, au kwa maneno ya kwamba "tunafuata sheria za nchi"? Maji yakitoka kiwandani hupimwa na nani, na majibu hubandikwa wapi? Kampuni ikijibu mawili kati ya haya kwa ukweli, imezidi nyingi. Ikijibu kwa picha za misitu na watoto wanaocheka, haijajibu.

Kuhusu kususia, tunasema wazi kwamba hatuungi mkono kususia kwa pupa. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walipofuta maagizo yao mwanzoni mwa mwaka 2020, wakati wa Korona, walioumia kwanza walikuwa wale wale washonaji wa Bangladesh na kwingineko. Walirudi nyumbani mikono mitupu. Vyuo vilivyoibana Adidas vilifanya hivyo wakati wafanyakazi wenyewe wa Indonesia walikuwa wanadai, na vilitaja deni gani lilipwe. Hilo ni jambo jingine kabisa na hasira za siku moja.

Wala tusiwatwishe watu mizigo wasiyoweza kuibeba, kama Bwana wetu alivyowakemea Mafarisayo. Mama anayenunua raba za mitumba Kilombero ili mtoto asiende shule peku hana kesi ya kujibu. Kwa hakika raba ile ya mitumba haikuchafua mto mpya. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia mwaka 2016 kuyaondoa mavazi ya mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia nafuu ya AGOA, nchi nyingi zikalegeza, na Rwanda iliyoshikilia ushuru wake ilisimamishiwa nafuu ya nguo Julai 2018. Mambo haya ni makubwa kuliko mkoba wa mama mmoja. Tunalouliza ni mwisho wa raba hizo, kwa maana soli ya plastiki haiozi, na mwisho wake ni korongoni. Mafundi viatu wetu wa kando ya barabara, na wale wanaokata makatambuga kutoka matairi chakavu, wanafanya kazi ya kutunza uumbaji ambayo hakuna anayewapongeza kwayo. Bidhaa feki ni habari tofauti. Hizo hata ukitaka kuuliza, hakuna jina la kuuliza, kwa kuwa jina lililoandikwa ni la kuiba.

Mzigo wenyewe ni wa wale wenye uwezo wa kuchagua: shule zinazoagiza sare za michezo mia tatu kwa mara moja, vilabu, makampuni ya utalii, na parishi inayotumia fedha za sadaka. Hapo mwuzaji hulazimika kusikiliza. Na swali lile lile limfuate fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya, kibarua wa kahawa, na binti wa kazi za nyumbani: analipwa kiasi gani, na lini?

Kwa jezi na bukta, Baraza limependekeza vijana waende kwa washonaji watatu wa hapa mjini, na katika kila mahali waulize bei, kitambaa kimetoka wapi, na washonaji wanalipwa kwa siku au kwa kipande. Wazungumze na wanaoshona, si na mwenye duka peke yake. Majibu yaletwe kwenye kikao kijacho kabla fedha hazijatoka. Kwa raba, kila mkimbiaji atumie alizo nazo kama bado zinafaa; zilizofumuka zitashonwa na fundi kwa gharama ya parishi, naye alipwe siku hiyo hiyo anapozikabidhi. Kwa wale wachache wasio na raba kabisa, zitanunuliwa mpya, na kampuni itakayochaguliwa itaandikiwa barua ya kuuliza jina la kiwanda kilichozishona. Rasimu ya barua hiyo itakuwa mezani mlangoni baada ya ibada ya pili, pamoja na kalamu. Wenye watoto ambao raba zimewabana na bado ni nzima, tunaomba wazilete Jumapili hiyo hiyo, zikiwa zimefuliwa na kufungwa mbili mbili kwa kamba zake.